Kontena la Dagaa: Sehemu ya Sita

ILIPOISHIA: Usiku, bandari ya Dar es Salaam, Machi 2019. Mbwa wa kunusa aitwaye Chausiku amezunguka kontena lililoandikwa dagaa wa Mwanza, safari ya Hai Phong, Vietnam, kisha akakaa chini kimya mbele ya mlango. Kabla Inspekta Mwanaidi hajasema neno, simu yake inaita.

SASA ENDELEA...

"Liachie lipande meli," sauti ya Afande Mlowe ilisema. "Wenzetu wa Vietnam watalipokea. Ukilifungua hapa utaondoka na dereva na karani, basi."

Hoja haikuwa ya kipumbavu. Kuuacha mzigo haramu usafiri huku ukifuatiliwa hadi kwa mwenyewe ni njia halali, imo hata kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 dhidi ya uhalifu wa kupangwa. Lakini njia hiyo hutaka makubaliano ya nchi zote mbili, na Mwanaidi hakuwa ameona hata barua moja. Tena aliujua mchezo wa baharini. Kontena huondoka na jina la mpokeaji huyu, likiwa njiani hati ya mizigo inabadilishwa, mpokeaji mwingine, bandari nyingine, na askari wa Hai Phong wanabaki kuyatazama maji.

"Afande, naomba amri hiyo kwa maandishi."

Kimya. Simu ikakatika.

"Amekataa, dada?" Petro, mwenye mbwa, aliuliza.

"Hajakataa. Hajaandika."

Mzee Komba wa Forodha alikuwa anakuja polepole na karatasi zake kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huu mzigo una maneno." Tangu Julai 2016 kontena halipandi meli bila uzito wake kuthibitishwa. Hati ilisema tani 11. Mzani wa bandarini ulisoma 14. "Dagaa hawanenepi njiani," alisema mzee.

Petro alikwishashika mkasi wa kukatia lakiri. Mwanaidi akamzuia mkono.

"Picha kwanza. Namba ya lakiri, mlango, saa. Na shahidi asaini."

"Dada, tutakesha!"

"Tutakesha. Umesahau Mombasa?"

Nani angesahau? Mwaka 2014 zilikamatwa kule tani mbili na zaidi za meno ya tembo. Mwaka 2016 mshtakiwa akafungwa miaka 20, na 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru kwa kasoro za ushahidi. Watu hudhani vita hii ni ya bunduki porini. Sehemu yake kubwa ni kujaza fomu bila kukosea, ndiyo maana hakuna anayeitungia filamu. Mwezi mmoja tu nyuma, mahakama ya Kisutu ilikuwa imemfunga Yang Fenglan, yule aliyeitwa Malkia wa Meno ya Tembo, miaka 15. Kikosini watu walitembea vifua mbele. Mwanaidi hakushangilia sana. Alianza kazi wakati tembo wa Tanzania wanaporomoka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na hukumu moja haikumrudishia hata mmoja.

Lakiri ikakatwa. Harufu ya dagaa iliwapiga usoni.

Safu ya kwanza, dagaa. Ya pili, dagaa. Ya tatu, ya nne, dagaa watupu wakimwagika kwenye sakafu ya zege. Mzee Komba alianza kukohoa kikohozi cha mtu anayefikiria pensheni yake. Kufungua mzigo halali na kuchelewesha meli si mchezo.

"Labda mbwa kachoka," Petro alisema.

Gunia la kwanza la safu ya tano halikubonyea. Mwanaidi akalichana kwa kisu, na jino likachungulia katikati ya dagaa, la manjano, nene kama paja la mtu.

"La ilaha," mzee akanong'ona.

Walitoa magunia hadi mikono ikafa ganzi. Mwanaidi alipiga magoti kutafuta mahali pa kuchukulia sampuli. Vinasaba husema tembo aliuawa wapi, na kuna zaidi: Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha mwaka 2018 kwamba meno mawili ya tembo mmoja mara nyingi husafirishwa kwenye makontena tofauti kutoka bandari ile ile. Ukiyaoanisha, umewaunganisha wenye mizigo.

Akaligeuza jino. Kwenye shina lake palikuwa na wino mwekundu: K.17/2016. Saba yenye kistari katikati.

Ulikuwa mwandiko wake. Jino hilo alilitia alama yeye mwenyewe, miaka mitatu nyuma, likafungiwa ghala la vielelezo. Yaliwahi kutokea Uganda, mwaka 2014, zaidi ya tani moja ya meno kuyeyuka ndani ya ghala la serikali. Lakini kwake?

Mzee Komba alikuwa ameiona namba. Akamnyooshea kalamu na hati ya ukamataji mali. "Andika, mwanangu. Alama, na jina la aliyekabidhiwa mara ya mwisho."

Jina hilo lilikuwa lake. Akiliandika, mshukiwa wa kwanza ni yeye. Akiliacha, wakili yeyote atapitisha kesi nzima kwenye tundu hilo.

Alikuwa ameandika K tu, taa za gari zilipowamulika. Wanaume wawili wakashuka, vitambulisho vya Takukuru mkononi.

"Inspekta Mwanaidi ni nani?"

"Ni mimi. Nani amewaita?"

Hakujibiwa. Mmoja alimwonyesha nakala ya hati ya kutolea vielelezo ghalani: meno 64, na chini yake saini yake, safi kabisa. Mwanaidi aliitazama tarehe, akasoma tena. Siku hiyo alikuwa wodi ya wazazi, akijifungua.

"Nani kaghushi hii?"

"Msome shahidi, afande."

Alisoma. Aligeuka kwa kasi. Chausiku alikuwa peke yake, kamba chini, na nyuma ya makontena pikipiki ilikuwa inawashwa.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO