New Orleans, Soko Lililouza Watu kwa Dhamana

Hoteli ya St. Louis ilipofunguliwa New Orleans mwaka 1838, madalali walipanga majukwaa chini ya kuba lake, wakawa wananadi nyumba, mashamba na watu kwa wakati mmoja, kila mmoja akijaribu kumzidi mwenzake kwa sauti. Sheria ya Louisiana nayo haikuona ajabu. Ilimhesabu mtumwa kuwa mali isiyohamishika, sawa na kiwanja, kwa hiyo mauzo yake yaliandikiwa hati kwa mthibitishaji na hati ikahifadhiwa. Nyingi zipo hadi leo.

Ndani ya hati hizo mlikuwa na dhamana. Kanuni ya Sheria za Madai ya mwaka 1825, iliyorithi fikra za Warumi kupitia Wahispania na Wafaransa, ilimruhusu mnunuzi kumrudisha mtu akigundua kasoro iliyofichwa. Ukoma, wazimu na kifafa vilitosha kuvunja mauzo. Zikafuata kasoro zilizoitwa za tabia: kosa la kunyongwa, mazoea ya wizi, na utoro. Utoro ulikuwa na kipimo chake: kutoweka mara mbili kwa siku kadhaa, au mara moja kwa zaidi ya mwezi. Mtu kuutafuta uhuru wake kukawa ugonjwa wa bidhaa.

Mwaka 1835 Mahakama ya Juu ya Louisiana iliamua kesi ya Icar dhidi ya Suares, iliyomhusu mwanamke aliyeitwa Kate. Mnunuzi alidai kauziwa mwenye wazimu. Upande wa muuzaji ukajibu, bila haya, kwamba Kate si kichaa, ni mjinga tu. Na ujinga unaonekana kwa macho, mnunuzi angejionea mwenyewe. Majaji hawakuhangaika na tofauti hiyo. Waliona hafai kwa kazi yoyote, pengine ni hasara tupu, basi mauzo yakavunjwa. Kate hakuulizwa neno. Mtumwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi katika madai kama hayo. Daktari, jirani na msimamizi ndio waliousimulia mwili wa mtumwa.

Hata hivyo sauti zilipenya. Mwanahistoria Walter Johnson, aliyezichambua kesi za aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1999, anaonyesha jinsi watumwa walivyojieleza kwa wanunuzi, wengine wakitaja maradhi ili wasinunuliwe na bwana waliyemwogopa.

Kanuni mpya ya mwaka 1870 ilifuta vifungu vya watumwa. Dai la kasoro iliyofichwa lenyewe halikufutwa: aliyeuziwa nyumba yenye mchwa New Orleans bado hulipeleka mahakamani.