Molekuli baridi na vipimo vya fizikia ya chembe

Molekuli baridi ni molekuli zilizopozwa hadi karibu na sifuri kamili, yaani nyuzi 273.15 za Selsiasi chini ya sifuri, ili leza iweze kuzichunguza kwa makini. Baridi hii haina mfano nyumbani: asubuhi ya ukungu katika msitu wa Chawia, vilimani Taita, kipimajoto kikisoma nyuzi 10, hewa bado ina kelvini 283, yaani nyuzi 283 juu ya sifuri kamili. Molekuli za oksidi ya thori zinazopimwa Marekani zina kelvini 4 hivi.

Kinachotafutwa humo ni umbo la elektroni. Je, chaji yake imekaa sawasawa pande zote, au imeegemea upande mmoja? Modeli Sanifu, nadharia inayotawala fizikia ya chembe, inatabiri mwegemeo mdogo mno usiopimika kwa chombo chochote cha leo. Nadharia nyingi zilizobuniwa kuikamilisha zinatabiri mkubwa zaidi. Mwegemeo huo ungevunja ulinganifu wa wakati, jambo lenye undugu na uvunjaji wa ulinganifu kati ya mata na antimata. Bila uvunjaji huo, kama alivyoonyesha mwanafizikia Andrei Sakharov mwaka 1967, ni vigumu kueleza kwa nini ulimwengu umejaa mata na antimata ni haba.

Mwegemeo hupimwa kwa uga wa umeme, lakini elektroni iliyo huru ikitiwa humo hukimbia. Ndani ya molekuli nzito haina pa kwenda, na karibu na kiini cha thori hukumbana na uga wa takriban volti bilioni 80 kwa sentimita, ambao hakuna maabara inayoweza kuutengeneza. Baridi nayo hukusanya molekuli katika hali chache za nishati, badala ya kuziacha zitawanyike katika maelfu.

Mwaka 2011 Imperial College ya London, kwa floridi ya iterbi, ilipata kikomo cha mwegemeo kilicho kikali kuliko vile vilivyopatikana kwa atomi. Kundi la ACME, lililoongozwa na David DeMille, John Doyle na Gerald Gabrielse, lilikishusha kwa oksidi ya thori mwaka 2014, kisha 2018. Mwaka 2023 taasisi ya JILA, huko Boulder, Colorado, ilinasa ioni za floridi ya hafni katika uga unaozunguka na kuzipima kwa sekunde kadhaa, ilhali ACME ilikuwa na milisekunde moja tu. Mwegemeo, kama upo, hauzidi 4.1 × 10⁻³⁰ ya chaji ya elektroni mara sentimita.

Hakuna aliyeuona bado, na hilo ni tokeo zito: kila kikomo kinaposhuka, nadharia fulani huanguka. Vifaa vinavyoenea chumbani vinaweka mipaka kwa chembe za nishati ambayo hata mashine ya maabara ya CERN, yenye mzingo wa kilomita 27, haijaifikia.

Leza inaweza pia kuzipoza molekuli zenyewe: kupoza huko kulifaulu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2010, kwa floridi ya stronti. Molekuli nyingi hukataa kupozwa hivyo, kwani baada ya kumeza mwanga huangukia hali nyingine ambazo leza inayozipoza haizigusi. Mwaka 2020 floridi ya radi ilichunguzwa kwa leza huko CERN. Baadhi ya viini vya radi havilingani pande zote, na hivyo vinatarajiwa kukuza ishara ya kuvunjika kwa ulinganifu ndani ya kiini chenyewe.