Wino na Karatasi: Historia Fupi kwa Anayechagua Daftari



Malenga mmoja kijana aliniuliza hivi karibuni anunue daftari gani la kuandikia mashairi na shajara yake, kwa kuwa amepata kalamu ya wino na hataki kuiacha. Swali lilikuwa dogo, na ningeweza kulijibu kwa sentensi mbili. Sikumjibu siku ile. Ninalo kabatini daftari moja ambalo kila nikilifungua hunikumbusha kwamba nami niliwahi kulijibu swali hilohilo, nikalijibu vibaya, na kosa langu likamwangukia mtu mwingine.

Mwaka 1983 nilikuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu. Niliporudi nyumbani Pangani kwa likizo, nilimkuta baba kitandani, mgonjwa. Baba hakuwa mtu wa kalamu. Alikuwa mtunzi wa kinywa, mwenye kughani kwenye harusi na katika vibaraza, na mashairi yake yote aliyaweka kichwani. Jioni moja aliniambia nilete daftari. Kwa siku tisa yeye alisema nami niliandika, hata yakatimia mashairi 41.

Miaka ile ilikuwa ya foleni na uhaba wa bidhaa, baada ya Vita vya Kagera. Daftari nililolipata lilikuwa la shule, lenye karatasi za kijivujivu zilizonyonya wino kama mchanga unyonyavyo maji. Kalamu yangu ya wino ilikuwa zawadi ya mkufunzi wangu, na wino wenyewe ulikuwa wa buluu, ule ambao ukidondokea shati jeupe hutoka kwa maji na sabuni. Sifa hiyo ya wino niliiona kuwa faida. Baba alifariki mwaka uliofuata, nami nikalifungia daftari katika sanduku la bati.

Maneno yenyewe

Kwa kuwa wasomaji wa hapa ni watu wa lugha, tuanze na majina ya vitu. Karatasi, kalamu na daftari ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na Kiarabu nacho kiliyapokea yote matatu kutoka Kiyunani. La kwanza lilitaja ukurasa wa mafunjo, la pili mwanzi, la tatu ngozi iliyotengenezwa. Basi aombaye daftari leo, ukifuata asili ya neno, aomba ngozi.

Neno chuo lina safari yake. Maana yake ya zamani ni kitabu. Ndiyo sababu Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na kuhusishwa na mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Na ndiyo sababu mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Baadaye jina la kitabu likahamia mahali kinaposomeshwa. Nilikaa chuoni nikifundishwa namna ya kuandika ubaoni, kusahihisha kazi za wanafunzi na kuandaa somo. Kuhusu karatasi ambayo kazi hiyo yote iliandikwa juu yake, sikumbuki tukifundishwa neno hata moja.

Karatasi iliyotiwa wanga

Historia ya China inamtaja Cai Lun, ofisa wa ikulu, kuwa ndiye aliyemletea mfalme karatasi mwaka 105. Kufikia mwishoni mwa karne ya 8, karatasi ilikuwa ikitengenezwa Baghdad. Lakini jambo linalomhusu mwenye kalamu ya wino ni namna karatasi ilivyotayarishwa ili iandikike.

Karatasi tupu ni nyuzi zilizoshikana, na kati ya nyuzi hizo mna matundu membamba yanayovuta maji. Ukiandika juu yake, wino hukimbia pembeni, na herufi huota mizizi. Mafundi wa nchi za Kiislamu walizuia hilo kwa kuipaka karatasi wanga, kama sisi tutiavyo kanzu wanga kabla ya kuipiga pasi, kisha wakaisugua kwa jiwe laini hata ikang'aa. Kalamu ya mwanzi iliteleza juu yake bila kukwaruza, na wino ulikauka pale ulipowekwa. Katika karne ya 13 mafundi wa Fabriano, Italia, walianza kutumia gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama badala ya wanga. Walianzisha pia alama ya maji, ile picha inayoonekana ukiinua karatasi mbele ya mwanga. Karatasi za Italia zenye alama ya hilali tatu zilitengenezwa kwa ajili ya masoko ya nchi za Kiislamu, nazo zilisafiri mbali, hata Afrika.

Watu wa pwani yetu walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 zipo mpaka leo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa kumuusia binti yake. Kumbukeni jinsi anavyoanza: anamwita binti aje aketi karibu naye, naye aje na wino na karatasi. Nilipousoma utendi ule darasani nilipita hapo haraka, nikikimbilia wosia. Siku hizi ndipo ninaposimama. Mgonjwa yule alijua kwamba maneno yake yalihitaji vitu viwili ili yavuke, akavitaja vyote viwili kabla ya kuanza.

Karatasi ya bei nafuu

Karne ya 19 ilibadilisha mambo. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alitangaza njia ya kuizuia karatasi isinyonye wino kwa kutumia utomvu wa msonobari na shabu, na kazi hiyo ikawezekana kufanywa ndani ya mashine. Mwaka 1844 Mjerumani mwingine, Friedrich Gottlob Keller, alifaulu kutengeneza karatasi kwa mbao zilizosagwa badala ya matambara ya pamba na kitani. Karatasi ikashuka bei. Tusilidharau jambo hilo, kwani bila karatasi ya mbao mtoto wa mkulima asingekuwa na daftari lake mwenyewe, nami nisingekuwa mwalimu.

Ila bei ile ilikuwa na deni ndani yake. Shabu huacha asidi, na mbao zilizosagwa hubaki na kile kinachoufanya mti kuwa mgumu, ambacho kikipata mwanga na hewa hugeuka rangi. Karatasi ya namna hiyo huwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha ukiikunja hukatika. Ndiyo maana msahafu wa miaka 200 waweza kuwa na kurasa imara, na gazeti la ujana wangu likavunjika vidoleni.

Kalamu nayo ilibadilika. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu yake ya wino mwaka 1884, na mwandishi akaachana na kuchovya katika kidau kila baada ya maneno machache. Kisha mwaka 1938 László Bíró wa Hungaria akasajili kalamu ya kigololo, ambayo wino wake ni mzito kama uji na hauenei hata katika karatasi duni. Kalamu hiyo, ambayo wengi wetu tunaiita biki, ilishinda madarasani. Karatasi inayotosha kwa biki ndiyo iliyojaa katika madaftari yetu, na anayerudi kwenye kalamu ya wino hushangaa kuona herufi zake zikichanua na kupenya hadi ukurasa wa nyuma. Huilaumu kalamu, ilhali kosa ni la karatasi.

Namna ya kuchagua

Basi kijana wangu, majibu ni haya.

Kwanza, usidanganywe na unene. Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba, na karatasi ya kudurufia ya gramu 80 mara nyingi hunyonya wino vibaya. Karatasi ya Kijapani iitwayo Tomoe River, ya gramu 52 tu, hubeba wino bila kuuacha upenye, ingawa kivuli cha maandishi huonekana upande wa pili na wino huchelewa kukauka. Madaftari ya Clairefontaine ya Ufaransa, kiwanda kilichoanza mwaka 1858, hutumia gramu 90, nayo ni laini sana. Haya ni ghali kwetu na si rahisi kuyapata. Ukiyakosa, usikate tamaa.

Pili, pima mwenyewe. Nenda steshenari na kalamu yako, nunua daftari moja tu, hata kaunta buku la kawaida, uandike ubeti mmoja kwenye ukurasa wa mwisho. Tazama kingo za herufi kama zimenyooka au zimeota mizizi. Geuza ukurasa uone kama wino umetokeza. Kisha dondosha tone la maji pembeni: likisimama kama shanga, karatasi imetayarishwa vizuri, likizama mara moja, iachie biki. Likifaulu, rudi ukanunue mengine ya shehena ileile, maana shehena ijayo yaweza kuwa na karatasi nyingine.

Tatu, tazama mshono. Daftari la kumbukumbu lishonwe kwa uzi. Gundi peke yake hukauka na kurasa huanguka. Fundi wa kujalidi vitabu aweza kukushonea karatasi nzuri ulizozichagua wewe, na mara nyingi hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo zaidi. Ukiona alama ya ISO 9706, kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 1994, ujue karatasi haina asidi na ina akiba ya chokaa ya kuilinda.

Nne, na hapa nakusihi, uangalie wino. Wino wa buluu unaofulika ni wa mazoezi na barua za kila siku. Kitu kinachotakiwa kubaki kiandikwe kwa wino wa masizi uliotengenezwa mahususi kwa kalamu hizi, au ule wa chuma unaoingia katika nyuzi na kugeuka mweusi kadiri unavyokaa. Wino hizo hutaka kalamu isafishwe mara kwa mara, isiachwe ikakaukiwa.

Silabi tatu

Nilijifunza hayo nikiwa nimechelewa. Katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, paa la nyumba ya mwalimu niliyokuwa nikiishi lilivuja juu ya lile sanduku la bati. Nilipolifungua, daftari lilikuwa limeloa, na kurasa nyingi zilikuwa na mawingu ya buluu mahali palipokuwa na beti. Niliziweka kivulini zikauke. Zilipokauka, zilikuwa za kahawia kingoni na zenye kukatika.

Kati ya mashairi 41, mashairi 17 yalisomeka yote. Mengine tisa niliyarudishia kwa msaada wa vina na mizani. Ninyi mnajua jinsi kazi hiyo inavyofanyika: mistari ya tarbia ina mizani 16, minane ukwapi na minane utao, kwa hiyo neno lililofutika lajulikana urefu wake na mwisho wake. Mara nyingi kuna neno moja tu linaloingia. Mashairi 15 yaliyobaki hayakuwa na cha kushika.

Shairi moja katika yale tisa lina pengo hadi leo. Ni la nahodha anayegeuza jahazi kurudi Pangani kabla ya kufika aendako, na mstari wa mwisho unataja kilichomrudisha. Kina ni ra, na nafasi ni ya silabi tatu. Subira inaingia. Busara inaingia. Hasara inaingia, na ishara pia. Kila neno linanipa nahodha mwingine, na baba mwingine.

Wazee wetu hawakutegemea karatasi peke yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840, na mashairi yake mengi yaliokolewa miaka mingi baadaye kutoka vinywani mwa watu, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor. Diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Nami nikaenda kwa shangazi, dada yake baba, ambaye sasa ni mzee sana. Alinighania mashairi mawili katika yale 15 bila kusita. Nilipomuuliza kuhusu nahodha, alicheka.

"Mwanangu, baba yako neno lile alikuwa akilibadilisha. Alitazama kwanza ni nani aliyekaa kibarazani."

Tangu hapo sina tena neno la kulitafuta kwa watu. Kilichopotea ni lile alilolichagua jioni ile ya 1983, akimtazama mwanawe aliyekaa mbele yake na kalamu.

Mwaka huu nimenunua karatasi nzuri, fundi amenishonea, na ninayanakili mashairi yote yaliyopona kwa wino wa masizi. Nakala ya pili itakaa kwa mdogo wangu, na wajukuu nawahimiza wayahifadhi kwa moyo. Nilipofika kwa nahodha niliandika mstari hadi pale unapokatika, nikaacha nafasi ya silabi tatu, nikageuza ukurasa.