Dawa Walioachiwa Nguruwe

Mwezi Julai 2013, watafiti wa China waliokuwa katika kazi yao ya kawaida ya kupima vimelea vya mifugo walimpata bakteria mmoja kwa nguruwe wa shamba kubwa la Shanghai. Alikuwa E. koli, bakteria anayeishi tumboni mwa nguruwe, na tumboni mwangu na mwako pia, mara nyingi bila neno na mtu. Wakamwandika SHP45. Huyu alikuwa hafi kwa dawa iitwayo kolistini. Usugu wa namna hiyo ulishaonekana kabla. Kilichowashtua ni kwamba walipomweka pamoja na bakteria mwingine asiye na usugu, alimgawia wake.

Matokeo yalitoka Novemba 2015 katika jarida la Lancet Infectious Diseases. Jeni iliyobeba usugu huo ikaitwa mcr-1. Kati ya nguruwe 804 waliopimwa machinjioni, 166 walikuwa nayo. Kati ya sampuli 523 za nyama mbichi ya nguruwe na kuku, ilionekana katika 78. Na kati ya wagonjwa 1,322 waliolazwa hospitalini, 16. Yaani nguruwe mmoja kwa kila watano, na mgonjwa mmoja hivi kwa kila mia. Tena wakati huo hospitali za China hazikuwa na kawaida ya kuwapa wagonjwa kolistini. Kwa mpangilio huo wa namba, ilikuwa vigumu kusema usugu ulitoka wodini ukaenda bandani.

Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari. Ninaporudi kusoma ripoti ile, kinachonishika zaidi ni maisha ya dawa yenyewe, kwa sababu yanaonyesha jinsi jina la kitu linavyoweza kuamua nani akilinde na nani akitapanye.

Kolistini iligunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, ikatolewa kwa bakteria wa udongoni. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Ngozi ya nje ya bakteria kama E. koli ina chaji hasi, kolistini ina chaji chanya, basi vinavutana kama sumaku, dawa inang'ang'ania na kuitoboa ngozi hiyo. Mcr-1 hufanya ujanja mdogo tu: humwezesha bakteria kuibadilisha ngozi yake kidogo, ile chaji hasi ipungue, dawa ikose pa kushika.

Hospitali ziliitumia kolistini miaka ya 1960, lakini ilikuwa na tabia ya kuumiza figo na mishipa ya fahamu. Zilipokuja dawa nyingine zenye upole zaidi, madaktari wakaiweka kando. Kwao ilikuwa dawa ya kizamani. Lakini viwanda havitupi kitu chenye soko, na soko lilikuwepo bandani.

Ili kuelewa soko hilo inabidi turudi nyuma kidogo, Marekani, mwisho wa miaka ya 1940. Thomas Jukes na Robert Stokstad, wa maabara za Lederle, walikuwa wakitafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa ajili ya kuku. Waliwalisha vifaranga mabaki ya kiwandani yaliyobaki baada ya kutengeneza antibiotiki ya aureomaisini. Vifaranga wakanenepa kuliko vitamini peke yake ingeweza kueleza. Kumbe ni masalia ya antibiotiki. Nguruwe nao wakaonekana kunenepa vivyo hivyo. Mwaka 1951 serikali ya Marekani ikaruhusu antibiotiki zitiwe kwenye chakula cha mifugo bila cheti cha daktari wa wanyama.

Hapo ndipo jina lilipobadilika. Antibiotiki inayodungwa kwa mnyama mgonjwa iliitwa dawa, na dawa ina masharti: daktari, kipimo, siku za kumaliza dozi. Antibiotiki ileile ikiwa ndani ya gunia la pumba iliitwa kikuza uzito, ikauzwa kama chumvi. Dozi yake ilikuwa ndogo na ya kila siku, kwa maelfu ya wanyama wanaolala kwato kwa kwato. Ukitaka kuwafundisha bakteria kuizoea dawa, sidhani kama utapata shule nzuri kuliko hiyo.

Na onyo halikuchelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Japani waliokuwa wakichunguza ugonjwa wa kuhara damu waligundua kwamba bakteria wanaweza kupeana usugu, hata wakiwa wa aina tofauti. Maana yake usugu hauishii kwa watoto wa bakteria. Unapita kwa jirani pia, tumboni humohumo. Uingereza ikaunda kamati chini ya mwanazuolojia Michael Swann, nayo mwaka 1969 ikashauri kwamba antibiotiki zinazotibu watu zisitumiwe tena kunenepesha mifugo.

Ushauri ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na mlango wa nyuma. Daktari wa wanyama bado aliweza kuandika dawa zilezile kama kinga au tiba, na mfugaji akazitia kwenye chakula kilekile. Pia zilibaki antibiotiki zilizohesabika kuwa za mifugo tu. Mojawapo ilikuwa avoparsini, ambayo kumbe ni ndugu wa vankomaisini, dawa nzito ya hospitalini. Bakteria aliyejifunza kwa mmoja alimjua na mwenzake. Denmark ikaipiga marufuku mwaka 1995, na kufikia 2000 wafugaji wake wa nguruwe walikuwa wameachana na vikuza uzito vyote. Sweden ilishafanya hivyo tangu 1986. Umoja wa Ulaya ulifuata tarehe 1 Januari 2006. Waliotabiri kwamba ufugaji wa nguruwe Denmark ungekufa hawakupata walichotabiri. Ila matumizi ya antibiotiki kwa jina la tiba yaliongezeka baadaye, hadi mwaka 2010 serikali ikaanza kuwapa kadi ya njano wafugaji waliozidisha.

Nisimwonee mfugaji hapa. Katika ufugaji mkubwa, mtoto wa nguruwe huachishwa kunyonya akiwa na wiki tatu au nne, wakati kwa asili angenyonya miezi mitatu au zaidi. Anatolewa kwa mama, anachanganywa na wageni, anabadilishiwa chakula siku hiyohiyo. Tumbo linavurugika, E. koli anapata nafasi, kuhara kunaanza, na asubuhi unaokota maiti. Kolistini ilikuwa rahisi na ilifanya kazi. China iliitumia kwa mifugo tangu miaka ya 1980, na hata Ulaya, ambako haikuruhusiwa kama kikuza uzito, nguruwe walipewa kwa wingi kama tiba. Kwa hiyo kilichokuwa kinatibiwa bandani ni ule mfumo wenyewe wa kuwahi kumtenga mtoto na mama.

Wakati huohuo, wodini mambo yalikuwa yamegeuka. Tangu miaka ya 1990 hospitali zilianza kukutana na bakteria wasiosikia dawa karibu zote, hasa kwa wagonjwa mahututi. Madaktari wakafungua kabati la zamani, wakaitoa kolistini. Ubaya wake kwa figo waliujua, lakini ukichagua kati ya figo na uhai, unachagua uhai. Ikawa dawa ya mwisho. Walipoirudia, tayari nguruwe walikuwa wameshailia miaka na miaka.

Baada ya ripoti ya 2015, watafiti wa nchi nyingi walirudi kwenye friji zao kuangalia sampuli za zamani. Ndani ya miezi michache mcr-1 ilikuwa imeonekana Ulaya, Asia, Afrika na Amerika. Huko China ilikutwa hata kwa bakteria wa kuku waliohifadhiwa tangu miaka ya 1980. Ilikuwepo muda wote, hakuna aliyekuwa ameiuliza.

China ilichukua hatua haraka. Mwaka 2016 ilitangaza kuiondoa kolistini katika vikuza uzito, na katazo likaanza rasmi mwishoni mwa Aprili 2017. Uzalishaji wa kolistini ya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo ulishuka kutoka tani 27,170 mwaka 2015 hadi tani 2,497 mwaka 2018. Kwa nguruwe, E. koli sugu kwa kolistini walitoka asilimia 34 hadi asilimia 5.1 katika muda wa karibu miaka mitatu. Watu waliobeba E. koli wenye mcr-1 walipungua kutoka asilimia 14.3 mwaka 2016 hadi 6.3 mwaka 2019.

Namba hizo zinanipa moyo, maana kuna watu wanaosema usugu ukishaingia ndo basi tena. Hapa ulirudi nyuma, na uliporudi bandani ukarudi na kwa watu. Lakini asilimia 6.3 si sifuri, na kolistini bado inaruhusiwa huko kama tiba ya mifugo.

Huku kwetu Kiswahili kimeshapata msamiati wake, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na Tanzania na Kenya zote zilitoa mipango ya kitaifa ya kupambana nao mwaka 2017. Ulaji wa kitimoto unakua, mabanda yanaongezeka pembezoni mwa miji, na mfugaji anayeogopa kupoteza watoto kumi kwa usiku mmoja ataingia duka la dawa za mifugo kuuliza kinachofanya kazi haraka. Atakachopewa kinaweza kuandikwa dawa, kinga, vitamini au kikuza. Sisi tunaopenda maneno tunajua uzito wa tofauti hizo. Bakteria aliye tumboni mwa nguruwe wake hasomi lebo.