Karatasi Zilizotolewa Kifusini

Jumamosi ya tarehe 1 Novemba 1755 ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, na makanisa ya Lisbon yalijaa waumini tangu alfajiri. Mishumaa iliwaka kwenye kila altare. Muda mfupi baada ya saa tatu na nusu asubuhi ardhi ilianza kutikisika, ikatulia kidogo, ikatikisika tena kwa nguvu zaidi, kisha ikarudia mara ya tatu. Mtikisiko wote haukufika robo saa. Waliopona walikimbilia ukingo wa mto Tagus, mahali palipokuwa wazi, wakidhani wameokoka. Kama saa moja baadaye maji yalirudi nyuma hadi chini ya mto pakaonekana, halafu mawimbi yakaja na kuwazoa. Ile mishumaa nayo, pamoja na moto wa majikoni, ilikuwa imeshashika mbao na mapazia. Jiji likaungua kwa karibu wiki nzima.

Lisbon ilikuwa na watu wapatao 200,000. Idadi ya waliokufa haikupata kukubaliwa. Makadirio yanaanzia 10,000 na kupita 40,000. Hospitali kuu ya Watakatifu Wote iliungua na wagonjwa wakiwa ndani.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunawajua Wareno kwa mizinga yao, kwa Ngome ya Yesu ya Mombasa, na kwa maneno machache waliyotuachia: meza, bendera, leso. Kufikia mwaka huo Waomani walikuwa wamekwisha kuwang'oa Mombasa, ila Msumbiji walikuwa bado wanaishikilia, na Goa, na Brazili. Dola ya namna hiyo huendeshwa kwa barua. Agizo lilisafiri miezi baharini, na jibu likarudi miezi mingine. Barua hizo zilianzia na kuishia ukingoni mwa Tagus, katika kasri la Ribeira, ambamo mlikuwa na makao ya mfalme, maktaba yake yenye vitabu vipatavyo 70,000, na Nyumba ya India, ofisi iliyosimamia biashara na safari zote za Bahari ya Hindi. Vyote viliteketea. Daftari za meli zilizowahi kutia nanga Kilwa, Malindi na Mombasa ziligeuka majivu siku zile, na kila anayeandika historia ya pwani yetu bado anaionja hasara hiyo.

Mfalme José wa Kwanza alipona kwa bahati. Alikuwa ametoka mjini mapema na familia yake kwenda Belém, magharibi ya jiji, ambako nyumba zilisimama. Lakini hofu ilimwingia isitoke tena. Hakukubali kulala chini ya paa la mawe. Alihamia kwenye mahema, kisha akajengewa kasri la mbao juu ya kilima cha Ajuda, watu wakaliita Kibanda cha Kifalme, na humo akaishi mpaka alipofariki mwaka 1777. Balozi aliyetaka kuonana na mfalme wa nchi yenye dhahabu yote ile ya Brazili alipokewa kwenye banda.

Mawaziri wake walikuwa watatu. Mmoja, mzee na mgonjwa, alifariki siku chache baada ya tetemeko. Wa pili hakuonekana kuwa na la kufanya. Wa tatu alikuwa Sebastião José de Carvalho e Melo, mwenye miaka 56, waziri wa mambo ya nje na vita, aliyewahi kuwa mjumbe wa Ureno London na Vienna. Baadaye alipewa cheo ambacho historia inamkumbuka nacho, Marquês de Pombal. Alifika kwa mfalme siku ileile, na tangu hapo akawa ndiye serikali.

Inasimuliwa kwamba kwa siku kadhaa alilala ndani ya gari lake la farasi akizunguka magofuni, akiandika maagizo juu ya goti. Simulizi nyingine inampa jibu maarufu alilomwambia mfalme, kwamba wafu wazikwe na walio hai walishwe. Wapo wanaosema maneno hayo ni ya mtu mwingine. Maagizo yenyewe hayana ubishi. Yaliandikwa, yakawekwa tarehe, yakatunzwa, na mwaka 1758 yakachapishwa katika kitabu kizima. Ukiyasoma kwa mfuatano unaona akili ya mtu aliyekuwa akijiuliza kila asubuhi ni jambo gani litawaua watu kesho.

La kwanza lilikuwa maiti. Kuchimba makaburi kwa maelfu ya watu ndani ya kifusi kinachowaka hakukuwezekana, na tauni ilihofiwa. Basi kwa ridhaa ya Patriaki wa Lisbon miili ilipakiwa mashuani, ikafungwa uzito, ikapelekwa nje ya mlango wa mto na kuzamishwa. Fikiria jambo hilo katika mji wa Kikatoliki wa karne ya 18, ambako kuzikwa nje ya ardhi iliyobarikiwa kulikuwa msiba juu ya msiba. Serikali isingethubutu peke yake. Ilihitaji sahihi ya kanisa, na iliipata kwa haraka.

Kisha chakula. Nafaka zilikusanywa kutoka maghala ya mjini na mikoa ya jirani, meli zikazuiwa kuondoka na shehena ya chakula, ushuru wa samaki ukasimamishwa, na bei zikakatazwa kupanda juu ya zile za kabla ya tetemeko. Jiji liligawanywa katika mitaa 12, kila mmoja ukapewa msimamizi mwenye mamlaka ya dharura, ili mtu asihitaji kutembea hadi Belém kupata uamuzi. Askari waliitwa kutoka mikoani. Wenye nguvu waliokuwa wakitoroka mji walirudishwa kufukua vifusi, na kutoka kukahitaji hati ya ruhusa. Mwezi uliofuata amri ilizuia wenye nyumba kupandisha kodi za pango. Naipenda hiyo amri. Mara nyingi katika majanga mwenye paa moja lililobaki ndiye anayetajirika, na hapa mtu alikumbuka kulizuia hilo wakati majivu yangali ya moto.

Kuhusu waporaji sina sifa za kutoa. Miti ya kunyongea ilisimikwa mahali pa juu ili ionekane na wote, na watu zaidi ya 30 wakanyongwa, wengi baada ya kusikilizwa kwa dakika chache tu. Kwa jirani aliyekuwa analinda godoro lake huenda huo ulikuwa ulinzi. Lakini mkono uliozoea kunyonga bila kesi kamili haukurudi mfukoni vifusi vilipozolewa. Januari 1759 familia kubwa ya Távora iliuawa hadharani kwa ukatili, ikishtakiwa kutaka kumuua mfalme. Mwaka huohuo Wajesuti walifukuzwa nchini. Mmoja wao, mzee Gabriel Malagrida, aliyekuwa ameandika kwamba tetemeko lilikuwa hasira ya Mungu na kuwahimiza watu watubu, alinyongwa na kuchomwa mwaka 1761. Mamlaka ya dharura ya Novemba 1755 yaligeuka utawala wa zaidi ya miaka 21.

Siku zile za mwanzo, hata hivyo, dola haikushikiliwa na waziri peke yake. Kwenye nyumba ya kutengenezea sarafu, iliyokuwa imejaa dhahabu, luteni kijana alibaki na askari wachache siku tatu akipambana na moto uliowazingira, na dhahabu ikaokoka. Wachapaji wa gazeti la serikali, Gazeta de Lisboa, nao walibaki kazini. Toleo la Alhamisi tarehe 6 Novemba lilitoka kama kawaida, likataja tetemeko kwa sentensi chache. Gazeti halikumlisha mtu. Ila aliye mbali alilipokea, akaelewa kwamba Lisbon bado inaandika.

Na alikuwapo Manuel da Maia, mhandisi mkuu wa ufalme, mwenye umri wa miaka 78. Wengi wanamjua kwa kazi iliyofuata: ndiye aliyemwandikia mfalme njia mbalimbali za kuujenga mji upya, na chini yake wahandisi wenzake Eugénio dos Santos na Carlos Mardel wakachora barabara zilizonyooka za mtaa wa Baixa na nyumba zenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili ziyumbe zisianguke. Lakini Maia alikuwa pia mtunza mkuu wa hifadhi ya nyaraka za ufalme, iliyokuwa ndani ya mnara wa ngome ya São Jorge, mnara ulioitwa Torre do Tombo. Mnara ulianguka. Moto haukuufikia. Mzee huyo alisimamia kutolewa kwa nyaraka kwenye kifusi, akaziweka katika banda la mbao ndani ya ngome mvua za majira ya baridi zikikaribia, na mwaka 1757 zikahamishiwa katika monasteri ya São Bento. Hati za mashamba, mikataba, urithi na haki za miji, ambavyo kila mahakama ingehitaji kuamua nani anamiliki kiwanja kipi chini ya majivu, vilikuwa humo.

Jina la mnara lilibaki ingawa mnara haupo; hifadhi ya taifa ya Ureno inaitwa Torre do Tombo hadi leo. Mwaka 1790 mtawa João de Sousa, mzaliwa wa Damascus, alichapisha barua za Kiarabu alizozinakili humo. Moja ilitoka kwa mtawala wa Malindi kwenda kwa mfalme wa Ureno. Ilikuwa imevuka bahari mbili katika karne ya 16, ikaanguka pamoja na mnara, ikafukuliwa, ikalala katika banda la mbao la Maia, na wino wake bado ulisomeka.