Jua na mtoto mwenye pumu ya ngozi (Sehemu ya 3)

Mama, kabla hujanunua losheni ya jua, sikia historia kidogo. Miaka ya 1970 losheni nyingi Marekani ziliwekwa PABA. Ilikinga jua, lakini baadhi ya watu iliwawasha na kuwatoa vipele, watengenezaji wakaanza kuiacha. Mwaka 2019 FDA, mamlaka ya dawa ya huko, ikapitia viambato 16. PABA ikakataliwa. Viwili tu vikapendekezwa kuwa salama: zinki oksaidi na titani dioksaidi.

Kwa hiyo soma lebo. Chukua yenye zinki, isiyo na manukato, umpake kidogo mkononi kwanza, usubiri siku moja. Hajafika miezi 6? Mkinge kwa kivuli, kofia na nguo nyepesi ya pamba.