Nani Aliandika Karagwe?

Hapa chuoni tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia kwa fani na maudhui, na mwandishi tunamtaja kana kwamba daima ni mtu mmoja. Mimi nataka kuzusha swali juu ya vitabu vya safari na vya akiolojia, vile ambavyo wenzetu wa historia huvichukua kama ushahidi mtupu. Hivi kweli mwandishi wake ni nani? Nauliza kwa sababu kwetu ni Songambele, katika nchi iliyokuwa ya Mukama Rumanyika (Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012 tu).

Novemba 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Bweranyange, makao ya Rumanyika. Speke anakiri kuwa Mukama aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Sasa Kiswahili chenyewe kiko wapi? Hakimo kitabuni. Speke aliporudi kwao maandishi yake yalionekana mabovu, na Blackwood, mchapishaji wa Edinburgh, akamkodi mwanahistoria John Hill Burton ayaandike upya. Kitabu kikatoka 1863 kwa jina la Speke peke yake. Kwa hiyo tunaposoma maneno ya Rumanyika tunasoma salamu ya Kiswahili iliyokumbukwa na Speke, kisha ikasafishwa na bwana mmoja aliyekuwa mezani kwake Uskochi. Mhakiki anayezungumzia "mtindo wa Speke" bila kumtaja Burton anahakiki kivuli.

Picha nazo hali kadhalika. Grant aliugua mguu, akabaki kwa Rumanyika wakati Speke alipokwenda Buganda Januari 1862. Alichora hukohuko. Lakini michoro ilipofika London ilipitia mikono ya Johann Baptist Zwecker, mchoraji wa kulipwa.

Sisemi kwamba mchoraji wa kukodiwa ni mwongo, la hasha. Mary Leakey naye alianza hivyohivyo, akichora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya Gertrude Caton-Thompson na Louis Leakey vilivyotoka 1934. Mwaka 1951 alikaa Kondoa akinakili michoro ya miambani, na kitabu chake kikachapishwa 1983. Yeye alikaa mbele ya mwamba. Mwaka huohuo wa 1983 Hamo Sassoon aliandika katika jarida la Azania kuhusu vifaa vya kifalme vya nchi za maziwa makuu, wakiwemo ng'ombe wa chuma wa Karagwe. Huko kwetu wanaovijua vifaa hivyo kwa majina ni wengi kuliko waliowahi kuliona jarida hilo.

Likizo iliyopita nilimpelekea babu nakala ya picha moja ya kitabu cha Speke. Nilitegemea aseme kama inafanana au haifanani. Akaitazama sana, halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, aliyechora alikuwa amekaa wapi?" Nikamwambia, London. Akanirudishia karatasi yangu, akaenda kuwafungulia ng'ombe.